Mgongo wa Mzee Mkumba

Shaweji mwanangu,

Assalaam aleikum. Hali yangu sikuandikii, maana utaiona mwenyewe: umeniacha asubuhi hapa uani ukaenda Ruaruke kumuaga shangazi yako, na sasa nimenuna. Nitanuna mpaka urudi magharibi, na ukirudi utaniuliza, "Mama una nini?" nami nitasema sina kitu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kinywa changu unakijua, kikishafunguka kinakimbia mbele na akili inafuata nyuma inahema. Mkono unakwenda polepole, labda leo akili itauwahi.

Mambo ya kufua, kula, kuswali na kuchagua marafiki siandiki. Kama hukuyashika kwa kelele zote nilizokupigia, karatasi haitakusaidia.

Nataka kusema habari ya kamera. Juzi umeniambia kwamba kesho ukipita Kibiti utamrudishia mwalimu wako kamera yake, na ukifika chuoni Morogoro utaomba wakutoe kwenye upigaji picha wakuingize kwenye umeme. Ukasema, "Mama, picha yangu imemharibia mzee wa watu jina lake. Sitaki tena." Ulisema hivyo unafunga begi, hukuniangalia. Mimi nikakuacha uendelee kufunga. Mtu mwingine angedhani nimefurahi, maana kijiji kizima kinajua kamera ile sikuitaka.

Sikuitaka kweli. Siku ya harusi yangu, marehemu baba yako alimleta mpiga picha kutoka Ikwiriri. Akatusimamisha mbele ya shuka, akatukataza kucheka, akapiga, akapanda baiskeli akaenda zake. Hatukumwona tena. Baba yako alikuwa akisema labda filamu iliungua, nami nilikuwa namjibu labda. Lakini kila nikienda Ikwiriri nilitazama kuta za maduka, nisije nikajikuta nimetundikwa. Mpaka leo sijui sura yangu ya harusi imo kwenye sanduku la nani. Halafu ikaja ile miaka ya hofu, watu wakiuawa usiku, na wewe unaikumbuka, mgeni akiingia kijijini haulizwi amekula nini, anaulizwa amemfuata nani. Kwa wenzangu hofu ile ilipita. Kwangu ilipata pa kulala.

Kwa hiyo uliposema kuna darasa la picha Kibiti, la bure, na kamera mnaazimwa, nikasema bure ghali. Nikapanda boti, nikapanda na pikipiki, nikaenda kuona kwa macho yangu. Nikamkuta mwalimu wako, yule Neema, msichana wa bara mwenye sauti ya chini. Nikamtazama vidole kama ana pete. Hana. Nikasema mh!

"Karibu mama," akasema. "Kaa nasi, leo tuna kazi ya dirisha."

Kazi ya dirisha! Watoto wa watu wamekaa sakafuni, kamera zimefungwa kabatini, wanatazama dirisha. Mwanga ukaingia, ukalala chini, ukasogea, ukampanda yule binti aliyetoka Mtunda miguuni, mwenyewe kimya. Mimi nikashindwa.

"Mwalimu, samahani. Umewatoa watoto makwao waje watazame dirisha? Mbona hata kwetu lipo?"

Wenzako wakacheka. Wewe ukainama kwa aibu. Yeye hakukasirika, akasema, "Mama, wanajifunza kusubiri."

"Kusubiri nini?"

"Bado hawajui."

Nikarudi nyumbani na hukumu yangu: tapeli. Mtu asiyejua anachosubiri, halafu anafundisha wengine kusubiri! Nikakuacha umalize tu kwa sababu mjomba wako alikuwa hapo hapo Kibiti, na nikampa kazi ya kukuchunga. Ulikuwa hujui hilo. Sasa unajua.

Ulirudi mwingine. Unakaa mbele ya ukuta kama umeona jini. Unaniambia nisisogeze sufuria kwanza, kivuli chake kizuri. Nikakunusa mdomo ukiwa umelala, nikidhani umeanza kuvuta vitu. Nikapekua mifuko ya suruali, nikakuta kitambaa cha kufutia kioo. Nikasema labda kuna binti. Kumbe ulikuwa unatazama tu, na mimi sijawahi kumwona mtu anatazama tu.

Siku moja ukanieleza, nami nasuka ukili, kwamba mwalimu anasema kabla hujabonyeza zungusha macho pembeni mwa picha, kona zote, ujiulize umemkata nani, umeacha nini nje. Nikakwambia mimi nilianza kukaa juu ya dungu shambani, kuamia ndege wasile mpunga, kabla sijajua kufunga kanga. Jani likitikisika najua hili nguruwe, hili upepo, hili mtu. Kutazama anifundishe Neema?

Ukasema, "Lakini mama, wewe ukitazama unamtafuta mwizi tu."

Nikakujibu, "Wezi wapo." Na wapo. Hilo silifuti hata leo.

Kazi yenu ya mwisho ilikuwa kupiga picha mahali pamoja msimu mzima, nawe ukachagua majaruba yetu. Nikafurahi kidogo, maana nilipata mtu wa kushika zamu dunguni. Mpunga ulikuwa umesimama, lakini sikuwa na raha. Jaruba letu na la Mzee Mkumba yanagawana tuta moja linalozuia maji ya mkondo, mbegu tulizitoa gunia moja, na bado la kwake likawa linanawiri kuliko la kwangu. Nikianza kulinganisha, unanijua, silali. Nikajisemea moyoni: kuna chuma ulete hapa. Yule mzee ana dawa, anavuna kwangu bila kuingia kwangu. Neno hilo sikumwambia mtu. Nililifuga ndani likanenepa.

Ndipo siku ile uliporudi kutoka dunguni asubuhi, ukanywa uji, ukalala, kamera ukaiacha juu ya mkeka. Nikaichukua. Ulikuwa umenionyesha mara moja kitufe cha kutazamia, ukidhani sikushika. Nikabonyeza: ndege. Nikabonyeza: ukungu. Nikabonyeza tena. Mgongo wa Mzee Mkumba. Ameinama kwenye tuta, upande wangu, alfajiri watu wamelala, mkono wake wa kulia umezama ardhini mpaka kwenye kiwiko.

Nikaacha kubonyeza.

Mwanangu, kosa langu ni hapo, kabla hata sijafungua mdomo. Watu wanadhani nilikosea bandarini. Bandarini nilipiga kelele tu, kelele ni mazoea yangu. Nilikosea pale mkekani, kidole kikiwa bado juu ya kitufe, nikaona nilichokuwa nakitafuta, nikaridhika. Ulishtuka usingizini, ukasema, "Mama, subiri, zipo nyingine." Nikakwambia nyamaza. Nikasema ukiiwasha tena kamera hii ndani ya nyumba yangu, mimi si mama yako. Nikajifunga kibwebwe, nikatoka.

Watu walikuwa wanangoja boti. Mzee Mkumba amekaa juu ya gunia lake, anachokonoa meno.

"Mzee Mkumba," nikasema, "umezika nini kwenye tuta langu?"

Akanitazama. "Nizike nini, mwanangu? Nimeziba tundu la kaa."

"Kaa!" Nikacheka kile kicheko changu kibaya. "Kaa ndo anayekunawirishia mpunga wako, wangu ukidumaa? Mwanangu amekupiga picha. Ninayo picha!"

Hakuna aliyeomba kuiona hiyo picha. Nimelifikiria sana jambo hilo. Ilitosha kwamba ipo. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema neno lile, chuma ulete, mimi nikiwa bado sijalitamka, na nikaona watu wanasogea, wanamwachia mzee nafasi kubwa pale kwenye gunia. Yeye akasema tu, "Haya, Bi Tatu. Umeona wewe." Boti ilipofika hakupanda.

Unajua yaliyofuata, ulikuwapo, lakini nataka uyasome kwa mkono wangu usije ukadhani nayapitia kando. Watoto wakawa wanavutwa mkono akipita. Kwenye hitima sahani aliyokula yeye ikabaki na yeye peke yake. Mzee wa watu, hana mke, watoto wake wako mbali, na neno la namna ile huku kwetu likishamkaa mtu, siku moja linaweza kumfuata mpaka mlangoni na mapanga. Nilikuwa nalijua hilo. Nikajifariji kwamba mimi sikulisema, aliyelisema ni yule wa nyuma yangu.

Tutani hakuja tena. Nani angekuja? Bamvua ikaja, maji yakapanda, na kaa hawakuwa na habari na ugomvi wetu. Asubuhi tukakuta tuta limefumuka, maji ya chumvi yametanda kwangu, yametanda na kwake. Ukaona mpunga ulivyogeuka rangi, kama umemwagiwa maji ya moto. Nilikaa juu ya tuta nikalia, wewe ukasimama na matope mpaka magotini, ukaitoa kamera kwenye mfuko bila kuniomba, ukaishika mbele ya uso wangu, ukabonyeza mwenyewe.

Mzee Mkumba amebeba tope kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto. Mzee Mkumba amemshika kaa kwa mgongo, anamrusha. Mgongo ule nilioujua, mkono ardhini. Halafu mguu wake, kisigino kinashindilia tope. Halafu ananawa mkondoni. Zilikuwa zimepangana, ile niliyoiona mimi katikati yazo, ndogo. Kumbe alfajiri zote zile, mimi nikidhani mpunga wake unanawiri kwa dawa, yeye alikuwa anashughulika na matundu ya tuta, ya kwake na ya kwangu, na matuta yake ya ndani aliyajenga juu kuliko yangu. Basi. Hakuna dawa nyingine.

Hapo nina swali, na nilisema nitaandika ukweli. Siku zote zile kati ya bandarini na bamvua, wewe ulikuwa unazo picha zile. Ulinyamaza kwa kuwa nilikuapiza, au ulinyamaza kwa hasira, ukaniacha nizame? Nimekuchungulia usoni mara nyingi, sijapata jibu. Unaona nilivyo. Mtoto amenitii nami namchunguza utii wake. Usinijibu. Ila ujue kwamba mtu mwenye shaka ukimnyamazia humtendei heshima, unamwachia uwanja. Siku nyingine nipigie kelele. Nimekuzaa mimi, kelele unazo.

Na wewe una kipande chako, kidogo. Mwalimu wako alikufundisha kuomba ruhusa ya mtu, ukapiga ukiwa juu ya dungu, mzee hana habari. Ungeshuka ukamwambia, angejua yupo machoni pa mtu, na pengine angeniita mapema, "Njoo uone tundu lako hili." Lakini usichukue zaidi ya hapo. Umejitwisha mzigo wote, unasema kamera imeharibu jina la mtu. Kamera ile ilikuwa na habari nzima tumboni mwake. Aliyeikatiza ni mimi. Mnaniudhi nyote wawili, wewe na huo umeme wako, maana unakimbia kitu kisichokukosea. Nimekuona unavyosubiri. Hata mimi nisiyempenda Neema najua kuna kitu kakupa. Pete bado sijamwona nayo, lakini hayo tuyaache.

Sasa nikwambie nilichofanya leo, maana hukijui, na ndicho kilichoninunisha.

Ulipoondoka, nilitwanga pepeta ya ule mpunga uliosalia kona ya juu, nikaitia kwenye bakuli, nikaenda kwa Mzee Mkumba. Mlango alifungua nusu. Nikasalimia, akaitikia. Nikampa bakuli. Akalitazama, akanitazama, akasema, "Kula wewe kwanza."

Shaweji, nilihisi uso umewaka moto. Mimi! Mzee yule amenilia pilau ya harusi yangu, amenisaidia kumshusha baba yako kaburini, leo anaogopa mkono wangu. Nilitaka kugeuka. Nikasema moyoni, Tatu, huu ni mpunga wako, ule. Nikala, mbele yake, nimesimama mlangoni. Alipoona nimemeza, akafungua mlango wote, nami nikamsimulia picha zile zote, ulivyompiga mgongo kutoka dunguni.

Nikamwambia, "Mzee wangu, nimekuja kuomba radhi. Nilikuona vibaya na nikakusema vibaya mbele ya watu."

"Bandarini," akasema.

"Bandarini."

"Na hapa tupo wangapi?"

Akatafuna pepeta kidogo, akaendelea kwa taratibu zake zile.

"Mie sina kinyongo, Bi Tatu. Lakini radhi ya chumbani hainisaidii kitu. Watu wa hapa wananijua kwa ile picha yako ya mgongo. Nasikia mwanao anaondoka kesho?"

"Anaondoka. Na kamera anairudisha, amesema haitaki tena."

"Asirudishe kwanza. Lile tundu la chini bado liko wazi?"

"Liko wazi."

"Basi kesho alfajiri, kabla hajapanda boti, we uje uliinamie uzibe. Mkono ndani, kama mie. Naye akae kule juu dunguni, akupige vilevile alivyonipiga mie. Halafu atakapofika huko Kibiti aichapishe, ailete na yangu, zote mbili zibandikwe pale bandarini dukani. Moja huku, moja huku."

Nikasema, "Mzee, watu wataona nimeinama tutani alfajiri, nimezamisha mkono. Watasema nazika nini?"

Akasema, "Ehe."

Akala pepeta yangu mpaka ikaisha, akaliosha bakuli, akanirudishia.

Tangu nirudi nimekaa na jambo hili kama mwiba. Sijui kama mzee amenisamehe au ananilipiza. Mara naona ana busara kuliko sote, mara naona ameyapanga haya siku nyingi akiwa peke yake na ile sahani yake. Nimefikiri labda anataka jina lile lihame kwake lije kwangu. Nimefikiri labda anataka tu tugawane, kama tunavyogawana tuta. Nimewaza mpaka kichwa kinauma, na sitapata jibu leo, wala sijui kama nitalipata kesho. Lakini nimegundua kwamba safari hii siwezi kulisubiri jibu kwanza ndipo nitende haki. Nimekubali.

Kwa hiyo naomba, mimi mama yako, kesho usiifunge kamera begini. Uipakie ukishamaliza kazi. Ukifika Kibiti mwambie Neema akuchapishie picha hizo, ukubwa wa mtu kuziona akiwa amesimama, umpe mjomba wako azilete kwa boti. Halafu kamera uiombe tena kwake, uende nayo Morogoro. Kama huko utaona moyo wako uko kwenye umeme, kasome umeme, nitakuombea dua kwa hilo pia. Ila usiende kwenye umeme kwa sababu yangu. Sitaki kuwa mama aliyemtia mwanawe woga wa macho yake mwenyewe. Nakupenda, na ninaogopa, na mara nyingi vitu hivyo viwili nimevichanganya sufuria moja nikakupakulia.

Radhi zangu unazo zote, na sijakuwekea sharti.

Tuta lina matope, nitashukia upande wa mkondo. Boti ya kwanza itakuwa inapita na watu wake, watanyoosha shingo, na yule mwanamke bila shaka atakuwamo. Usiwangoje wapite. Usinitafutie upande mzuri, usinipige nikiwa nanyanyuka. Nitakuwa nimeinama, mkono ardhini, na sitageuka kukutazama. Hapo hapo piga.

Mama yako,
Tatu